Siti binti Saad na kaniki iliyo sandukuni mwetu

Msimu wa harusi umeingia, na kama ilivyo ada, wiki hizi mazungumzo ya nyumba zetu ni mawili tu: nani anaolewa na nani atavaa nini. Kwangu mimi mazungumzo hayo yalikaribia kuwa ugomvi, na ugomvi wenyewe uliletwa na kipande cha kaniki.

Binti yangu, aliye chuo kikuu, ni katika vijana hawa wanaopenda kuchanganya cha zamani na cha sasa. Atavaa kizibao cha marehemu babu yake juu ya gauni la dukani. Atachukua leso ya bibi yake aishonee mkoba. Mara nyingi hupendeza, sikatai. Basi kwa ajili ya usiku wa kupamba wa binti ya dada yangu, alifungua sanduku la marehemu mama yangu kutafuta kitu ambacho hakuna mwenziwe angekuwa nacho. Chini kabisa, chini ya leso na mabuibui ya zamani, akatoa kaniki. Nyeusi ya kukaribia nili, imekwajuka kwenye mikunjo, inanukia udi. Akasema ataikata aishone sketi, na juu avae shati jeupe la kisasa na mkanda mpana.

Mamkubwa, dadake mama, alikuwapo. Alishika kichwa. Kwanza alisema kaniki ni nguo ya waganga. Tulipomkumbusha kuwa sanduku ni la nduguye na nduguye hakuwa mganga, ndipo akasema lililokuwa moyoni: kwamba ile ni nguo ya utumwa, kwamba upande wa bwana harusi ni watu wa kuuliza koo, na kwamba lililozikwa halifukuliwi usiku wa kupamba.

Sikuwa na la kumjibu, maana nilijua anachokisema. Bibi wa mama yangu alizaliwa Malindi, na mamake aliletwa kutoka bara kulima mashamba ya huko. Kwetu jambo hilo hutajwa kwa sauti ya chini, au halitajwi kabisa. Kaniki ile ilikuwa ya bibi huyo.

Usiku ule nilimkumbuka Siti binti Saad. Wengi wetu twamjua kwa sauti yake na kwa taarab. Leo nataka nimweleze kwa upande wa nguo, kwa sababu katika Waswahili mashuhuri simjui mwengine aliyesutwa hadharani kwa nguo aliyowahi kuvaa, naye akajibu kwa namna ambayo hadi leo watu wanaikumbuka.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Hakuzaliwa na jina la Siti. Jina alilopewa na wazazi ni Mtumwa. Asili ya wazazi wake ilikuwa bara, Unyamwezi na Uzigua, na maisha yao yalikuwa ya jembe na udongo. Mama alikuwa mfinyanzi, na binti akaipokea kazi hiyo kwa mamake. Alipokuwa mkubwa alivibeba vyungu akavitembeza kwa miguu, akinadi kwa sauti ya kufika mbali. Inasemekana watu walikuwa wakimsikia kabla hawajamwona. Shule hakusoma. Mali yake ilikuwa mikono na koo.

Ili tuifahamu kaniki katika maisha yake, lazima turudi kidogo nyuma. Siti alikuwa msichana wa miaka kama 17 utumwa ulipofutwa kwa sheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Huku pwani yetu ya Kenya ulifutwa baada ya miaka 10 zaidi, 1907. Kabla ya hapo nguo ilikuwa kama cheti cha mtu. Mtumwa alivaa merikani, kitambaa kigumu kisichopaushwa ambacho mwanzo kililetwa na majahazi makubwa kutoka Marekani, na jina likabaki hilo hilo. Au alivaa kaniki, pamba iliyotiwa rangi ya nili hadi ikawa nyeusi, isionyeshe uchafu wa kazi. Alikwenda miguu mitupu. Kofia haikuwa yake. Upande wa pili, bibi wa kiungwana alijulikana kwa hariri na viatu, pengine na barakoa usoni. Na huku Lamu na Mombasa wako waliopita njiani ndani ya shiraa, pazia lililobebwa na watumwa wao ili wasionekane na mtu. Ukimwona mtu kwa mbali umeshajua umsalimie vipi.

Kwa hivyo watu walipoachiwa huru, jambo moja waliloharakisha kulibadilisha ni vazi. Wanawake waliivua kaniki wakavaa leso. Hapo ndipo penye kisa ambacho sisi wavaaji wa leso mara nyingi twakisahau. Neno lenyewe ni la Kireno, lenye maana ya kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vya rangi kabla havijakatwa kimoja kimoja, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi ambalo hakuna aliyewauzia likiwa tayari. Wafanyabiashara walipoona linapendwa wakalichapisha kipande kizima, India na Ulaya. Baadaye majina yakaandikwa juu yake, na hapa Mombasa kila mwenye leso sandukuni anaijua alama ya Mali ya Abdulla, ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Biashara Street.

Buibui nalo ni hivyo hivyo. Leo twasema ni vazi la mabibi zetu, la tangu na tangu. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa fasheni mpya mjini Unguja na Mombasa. Lilipendwa na waliotoka utumwani kwa sababu lilimfunika tajiri na maskini kwa weusi mmoja, asijulikane mjukuu wa bwana wala mjukuu wa mjakazi. Hicho twakiita cha kale kilikuwa cha kisasa siku moja, na aliyekivaa kwanza huenda alichekwa.

Mji wa namna hiyo ndio alioingia Siti mwaka 1911. Alikuwa mwanamke mzima wa miaka 30 na kitu, ametoka shamba. Huko mjini mwanamuziki mmoja aliisikia sauti yake akaona si ya kuachwa kwenye vyungu. Akamfundisha kuimba na ngoma za vyombo. Siti alijifunza kwa masikio, kwa kurudia mpaka ikaingia. Wakajikusanya naye wanaume ambao majina yao hayakosi kutajwa penye jina lake: Subeit bin Ambar, Mbaruk, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban.

Taarab yenyewe haikuwa yao. Ilikuwa ya kasri. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuileta kutoka Misri, na iliimbwa kwa Kiarabu mbele ya watu wenye nafasi. Mtoto wa mfinyanzi kutoka Fumba angeweza kufanya moja kati ya mawili. Angeweza kuiga kama kasuku, aimbe Kiarabu chote na avae na anene kama wenye kasri, atumai hatatambulika. Au angeweza kubaki na nyimbo za shamba na kuiacha taarab na wenyewe. Siti aliichukua taarab kama ilivyo, udi, fidla na tari, akajifunza na Kiarabu chake, kisha akaitia Kiswahili cha mtaani. Akaimba mambo ya Ng'ambo, mtaa wa watu wa chini alioishi: mapenzi, wivu, hakimu mla rushwa, maskini aliyedhulumiwa. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mwanamke aliyeuliwa Unguja, na jinsi aliyetuhumiwa alivyokimbia huku adhabu ikiwaangukia wengine. Mambo kama hayo hayakuwa yakiimbwa kwenye taarab za kasri.

Basi umaarufu ukaja. Akaalikwa kwa matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, akafika hadi mbele ya Sultani. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, neno la heshima la kumwita bibi mkubwa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi. Santuri zikatapakaa pwani nzima. Zilipigwa kwenye mikahawa, na asiye na gramafoni alisimama nje akasikiliza bure. Kwa watu wengi ilikuwa mara ya kwanza kusikia lugha yao ikitoka kwenye mashine.

Ndipo waliomwonea wivu wakamtungia wimbo. Wapwani mwajua kwamba kwetu tusi kali halipigiwi kelele, hutiwa kwenye vina. Walimwuliza amekuwa mtu tangu lini. Wakaukumbusha mji wote nguo aliyojia kutoka shamba, nayo ni kaniki. Wakamalizia kwamba isingekuwa koo lake, angekufa njaa. Hawakusema kwamba hajui kuimba, kwa maana hilo wasingeaminiwa. Walimrudisha kwenye kaniki. Walitaka ajue kwamba hata avae nini, wao bado wanamwona na ile ya kwanza.

Fikirini mngefanya nini. Mimi najua ningefanya nini, kwa sababu nilishafanya. Nilipokwenda Nairobi kusomea diploma yangu nilikuwa na miaka 20, na sanduku langu lilijaa leso na madira. Baada ya muhula mmoja sikuyavaa tena. Nilinunua suti za mtumba, nikafunga mtandio mdogo wa kuiga wenzangu wa bara, na nilipoulizwa kwetu wapi nilijibu Mombasa mjini, haraka, ili nisiulizwe zaidi. Nilipopata kazi ya kwanza, bosi aliniambia siku moja kwamba leso niliyojifunika begani kwa baridi ni nguo ya jikoni. Kesho yake niliiacha nyumbani. Hakunilazimisha mtu. Niliiacha mwenyewe, na haya ya siku ile ninayo hadi leo.

Siti hakukana. Hakudai kwamba hakuwahi kuvaa kaniki, wala hakujitafutia nasaba ya kutunga, jambo ambalo katika miji yetu halikuwa geni na hadi leo si geni. Alijibu kwa wimbo, kama ilivyo desturi, na maana yake ni kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa si hoja. Fukara wa kweli ni aliyenyimwa akili. Kisha akaendelea na kazi yake. Waliomtungia wimbo wa kwanza leo hatuwajui kwa majina. Tusi lao tunalikumbuka kwa sababu alitukanwa Siti.

Ninavyoona mimi, jibu lile lilikuwa na nguvu kwa sababu halikuficha kitu. Mtu aliyeficha kaniki hutishika anapotajiwa kaniki. Mtu anayejua alivyovaa jana na kwa nini, na anavyovaa leo na kwa nini, humtisha kwa lipi? Alivaa cha mjini kwa haki yake, na sauti aliyokuja nayo kutoka Fumba, ile ya kunadia vyungu, hakuiacha mlangoni. Ndiyo iliyompeleka Bombay.

Mwisho wa umri wake Shaaban Robert, mshairi wetu mkubwa, alikutana naye na akaandika wasifu wake, kitabu ambacho hadi leo ndicho tunachokirejea tukitaka kumjua. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Waliomfuata ni wengi, na mmoja wao ni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyezichukua nyimbo za Siti akaishi nazo mpaka alipofariki mwaka 2013, na ambaye wengi wenu mlimwona kwa macho yenu, na leso zake na sigara yake, akiimba kwenye majukwaa ya ulimwengu bila ya kujibadilisha kwa ajili ya mtu.

Sasa narudi kwa binti yangu na shati lake jeupe. Vijana wetu wanapochanganya cha kale na cha sasa, sisi wazee huwa na makosa mawili. Wengine tunawacheka, kana kwamba buibui letu halikuwa jipya siku moja. Wengine tunawasifu haraka mno, tunasema wanaenzi utamaduni, na hatuwaambii ile nguo ilikuwa ya nani. Nguo ya zamani ina mwenyewe. Kizibao cha babu kilivaliwa na mtu aliyetoka jasho ndani yake. Ukikivaa kwa sababu ya rangi tu, umevaa rangi. Ukikivaa na unajua alikuwa nani, alifanya kazi gani na alikinunua vipi, hata ukikivalia jinzi, kitakukaa.

Stara ni sharti, hilo halina mjadala. La zamani lipimwe na la kisasa lipimwe kwa mizani hiyo hiyo. Likishapita hapo, sioni kwa nini binti wa Kiswahili achague kati ya kuwa wa jana na kuwa wa leo. Siti hakuchagua.

Basi nilimwita binti yangu nikamwekea masharti mawili. La kwanza, kaniki haikatwi kwa makasi. Kama ataivaa, ataifunga kama walivyoifunga wao. La pili, akae nimweleze. Nikamweleza yote ninayoyajua ya bibi wa mama yangu na ya mamake aliyeletwa Malindi, na ni machache, kwa sababu sisi wenyewe tuliacha kuyauliza. Nikamwambia kwamba bibi huyo alikuwa karibu wa rika moja na Siti, na kwamba huenda alizisikia santuri zake akiwa nje ya mkahawa. Msichana ambaye hunyamazi naye dakika mbili alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza jina lake. Nilimjua kwa jina la utani tu, na hilo liliniuma kuliko maneno ya Mamkubwa.

Usiku wa kupamba ukafika. Mabuibui yakavuliwa mlangoni kama kawaida, na ndani kukawa ni kumetameta: gauni za Dubai, lasi, dhahabu. Binti yangu akaingia na kaniki yake imefungwa kiunoni kwa mkanda wa ngozi, shati jeupe la mikono mirefu, vipuli vya bibi yake masikioni na viatu vya raba vyeupe. Hakung'aa. Lakini macho yalimfuata.

Mwanamke mmoja wa makamo wa upande wa bwana harusi alikuja akakaa karibu nami. Aliushika upindo wa kaniki, akausugua kwa vidole, akaniuliza tumeipata wapi, maana ya siku hizi ni nyepesi. Mamkubwa alikuwa kiti cha tatu, na niliona ameacha kutafuna. Nikamjibu kwamba ni ya bibi wa mama yangu, ambaye mamake aliletwa Malindi kulima mashamba ya watu. Yule mama akatikisa kichwa, akasema nguo za zamani zilikuwa nguo, akaomba apitishiwe mahamri. Harusi ikaendelea. Bibi harusi yuko kwa mumewe, alhamdulillahi, na hakuna aliyerudishwa.

Mamkubwa hakusema nami usiku ule. Siku ya tatu alinitumia ujumbe wa simu. Aliniagiza kaniki isitiwe kwenye mashine wala isichanganywe na nguo nyingine, kwa kuwa inachuja rangi. Nifue kwa mkono na nianike kivulini. Na chini ya maagizo hayo, bila ya salamu wala maelezo, akaandika jina kamili la bibi yake.

Nimempa binti yangu aliandike kwenye karatasi, na karatasi tumeitia sandukuni pamoja na nguo. Nawe msomaji, kabla hujapeleka nguo za wazee wako kwa fundi, kwanza ulizia zilikuwa za nani. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.